SIKU YA TATU, MPE JEMBE



Wahenga walituachia methali ambayo kila mmoja wetu ameisikia tangu utoto: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi methali hiyo hutajwa zaidi na mwenyeji aliyechoka, naye huitamka kana kwamba maana yake ni kuwa mgeni amekaa mno, sasa aondoke. Tukiitazama vema, hata hivyo, methali haisemi kwamba mgeni afukuzwe, wala haisemi anyimwe chakula hadi atakapoikumbuka njia ya kwao. Inasema apewe jembe. Na mtu hapewi jembe bila kuonyeshwa mahali pa kulima, wala haonyeshwi mahali pa kulima bila kuhesabiwa kuwa mmoja wa watu wa nyumba ile, mwenye mikono, akili na wajibu kama wengine.

Katika ukurasa huu tunataka kuzungumza nanyi, waumini na viongozi wa walei, juu ya raia wanaokimbizwa na vita, na juu ya wajibu wetu sisi ambao leo hatukimbii. Tumeanza na methali hiyo kwa sababu tunaamini kwamba taifa letu limeijua vizuri siku ya kwanza ya mgeni. Ni katika siku ya tatu ambapo mara nyingi tumeshindwa.

Siku ya kwanza

Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa saa ishirini na nne hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilaya ya Ngara. Hata Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikuwa halijapata kuona umati mkubwa kiasi hicho ukivuka mpaka kwa muda mfupi namna ile. Wenyeji wa Ngara, wakulima wa migomba na maharage, walijikuta kwa siku chache kuwa wachache katika wilaya yao wenyewe. Maji, kuni na njia, vyote viligawanywa na watu ambao hawakuwa wamewaalika.

Mwezi Mei 2015 ikawa zamu ya Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia huko wakihofia machafuko yaliyozuka kwao mwezi Aprili. Njia ya kuwatoa ilikuwa ziwa. Meli kongwe ya MV Liemba ilikwenda na kurudi ikiwachukua kwa mamia hadi Kigoma mjini, ambako Uwanja wa Lake Tanganyika uligeuzwa kuwa mahali pa kupumzikia kabla ya safari ya kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kikazuka, kikaua wakimbizi, kikawapata na wenyeji. Hata hivyo wenyeji hawakufunga milango.

Mambo haya tunayasema kwa shukrani. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alipotunukiwa tuzo ya Nansen kwa ajili ya huduma kwa wakimbizi, heshima ile ilikuwa pia ya wanavijiji ambao majina yao hayakuandikwa popote: aliyetoa kibanda cha jikoni kilalwe na mama aliyejifungua njiani, aliyegawa mihogo iliyokuwa ya mbegu. Tusiiruhusu historia hiyo isahauliwe, maana ni mali yetu.

Nasi tulikimbia

Lakini tusije tukadhani kwamba kukimbia ni desturi ya mataifa fulani, na kukaribisha ni tabia ya kuzaliwa nayo sisi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliuvamia Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera, yakalishika eneo la kaskazini ya mto. Daraja la Kyaka lilibomolewa. Raia waliuawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaporwa, na maelfu ya Watanzania wakaelekea kusini wakiwa na watoto mgongoni na godoro kichwani. Wapo wazee kati yetu wanaokumbuka ni nani aliyewafungulia mlango usiku ule, na ni nani aliyejifanya amelala.

Wala si vita tu viwezavyo kumtoa mtu kwake. Januari 2001, baada ya waandamanaji kuuawa Zanzibar, Watanzania wapatao elfu mbili waliondoka Pemba wakavuka bahari hadi Shimoni, nchini Kenya. Taifa lililozoea kupokea wakimbizi lilijikuta limewatoa. Kweli ni kwamba leo kwangu, kesho kwako. Na asemaye kwamba hilo halitamfika kamwe, amesahau mapema mno.

Haki yake si hisani yetu

Tunapomsaidia raia aliyekimbia vita, tunatimiza jambo alilo na haki ya kulidai. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951 yanakataza mkimbizi kurudishwa mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini. Mwaka 1969, mjini Addis Ababa, nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilikwenda mbali zaidi. Zilikubali kwamba hata yule asiyesakwa yeye binafsi, bali amekimbia uvamizi au machafuko makubwa yaliyoivuruga nchi yake, naye ni mkimbizi. Zilikubali pia kwamba nchi inayompokea haifanyi uadui kwa nchi alikotoka. Mwaka 2009, mjini Kampala, Umoja wa Afrika uliwakumbuka na wale wasiovuka mpaka wowote, yaani wanaokimbia ndani ya nchi yao wenyewe.

Hao wa mwisho ndio wengi, na ndio wanaosahauliwa upesi. Januari 2025, mji wa Goma ulipotekwa, na Februari ulipofuata mji wa Bukavu, familia nyingi zilizokuwa zimekwisha kukimbia vijiji vyao vya Kivu zililazimika kukimbia tena kutoka katika mahema zilimokimbilia. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nyasi hizo, baada ya kukanyagwa mara moja, zikakanyagwa tena mahali zilipodhani zimepata kivuli. Wanazungumza lugha tunayozungumza sisi. Tunasikiliza nyimbo zao katika harusi zetu. Hatuwezi kusema kwamba kilio chao kinatufikia kwa lugha tusiyoielewa.

Siku ya tatu

Sasa tuje kwenye jembe. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu katika Mkoa wa Tabora, kisha Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Yalikuwa mapori yenye mbung'o, wala hatutaki kuyapamba maisha ya miaka ile; watu waliugua, wengine wakafa, na hata baadaye mkazi wa makazi hayo alihitaji kibali ili asafiri. Lakini kila familia ilipewa ardhi ya kulima. Baada ya miaka kadhaa makazi yale yalijitosheleza kwa chakula, yakauza mahindi, maharage na tumbaku. Mwaka 2007 wakazi wake walipewa nafasi ya kuchagua ama kurudi Burundi ama kuomba uraia wa Tanzania. Takribani watu 162,000 waliochagua kubaki walikubaliwa, na mwaka 2014 vyeti vya uraia vikaanza kugawiwa. Mgeni alipewa jembe, akalima, na mwishowe akawa mwenyeji.

Waliokuja kuanzia mwaka 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, walipokewa kwa njia nyingine. Idadi ilikuwa kubwa, uchumi ulikuwa umedhoofika, na serikali iliogopa vita kuvuka mpaka pamoja na wakimbizi. Hofu hizo hazikuwa za kubuni. Basi zikajengwa kambi, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ikamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, asitoke bila kibali. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Wapo waliozaliwa humo, wakakua, wakaoa na kuolewa, na kupata watoto wao humohumo, bila kuwa na hata tuta moja la viazi ambalo wangeweza kuliita lao.

Maadamu chakula kiliendelea kuja, watu wengi waliona utaratibu huo unavumilika. Lakini chakula cha kuletwa hutegemea mkono wa aliye mbali, na mkono huo huchoka. Mwaka 2023 mgawo wa chakula katika kambi za Kigoma ulishushwa hadi nusu ya kiwango kamili kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Hapo ndipo yatupasa kusema wazi: anayekatazwa kulima hana budi kulishwa, na asipolishwa, basi aruhusiwe kulima. Hakuna njia ya tatu iliyo ya haki.

Jembe la siri

Kuna jembe lingine, ndugu wapendwa, ambalo mkimbizi amekwisha kupewa, nalo hutolewa kwa siri. Alfajiri hutoka kambini kwa njia ya porini, akafika shambani kwa mtu, akapewa jembe na kuonyeshwa mstari wa kuanzia. Hulima siku nzima kwa ujira ambao mwenyeji asingeukubali. Na wako wenye mashamba ambao, kazi ikiisha, humwuliza kibali chake kiko wapi, wakamtishia kumwitia polisi asipoondoka upesi. Huondoka mikono mitupu, maana atamshitaki nani? Kufika mbele ya mjumbe kudai haki yake ni kukiri kwamba alikuwa mahali asipotakiwa kuwapo.

Tunaandika haya kwa uchungu, kwa sababu baadhi ya wenye mashamba hayo husali pamoja nasi na kukaa katika viti vya mbele. Waraka wa Yakobo, sura ya tano, unalo onyo kali juu ya ujira wa wavunaji uliozuiliwa. Tuusome tena, safari hii tukiwa na mashamba yetu wenyewe akilini.

Tena dhuluma hiyo haimwumizi mkimbizi peke yake. Mwenyeji maskini, asiye na shamba la kutosha, naye huishi kwa kibarua. Wakimbizi walipokuja kwa wingi katika miaka ya 1990, wenye mashamba makubwa walipanua kilimo na kupata soko la mazao yao. Lakini kibarua Mtanzania aliona ujira wake ukishuka, kwa kuwa palikuwa na mwingine aliyelazimika kupokea kidogo. Chuki ilipozaliwa, ilielekezwa kwa mnyonge mwenzake, wakati aliyenufaika alikuwa amekaa barazani. Hivyo basi, kumlipa mkimbizi ujira halali ni kumlinda pia maskini wa kijijini kwetu.

Yasemwayo dhidi yao

Wapo wanaosema kwamba wakimbizi wamemaliza misitu. Ni kweli kwamba miti mingi ilikatwa kuzunguka kambi za Ngara na za Kigoma. Watu laki kadhaa waliowekwa mahali pamoja, wakapewa mahindi na maharage ya kuchemsha lakini wasipewe kitu cha kuchemshia, watatafuta kuni. Walioumia kwa hali hiyo ni wanawake, wa kambini na wa vijijini kwa pamoja, ambao walilazimika kwenda mbali zaidi kila mwaka, na baadhi yao wakashambuliwa na kubakwa porini. Mwenyeji anapolalamika juu ya msitu, asikilizwe. Lakini asimlaumu mama mwenye mzigo wa kuni kichwani kwa mpango ambao hakuupanga yeye.

Wapo pia wanaosema kwamba pamoja na wakimbizi huja wenye silaha. Hilo nalo ni kweli, na tulikwisha kujifunza kwa gharama kubwa. Mwaka 1994 miongoni mwa waliovuka Rusumo walikuwamo waliofanya mauaji ya kimbari, na katika kambi wakaendelea kuwatawala raia waliowakokota. Misaada ilipita mikononi mwa watu wale wale ambao raia waliwaogopa. Fundisho lake ni kwamba kumsaidia raia ni pamoja na kumlinda dhidi ya mwenye bunduki aliyejificha nyuma yake. Serikali ina wajibu wa kuwatenga wapiganaji na wasio wapiganaji. Raia naye ana wajibu wa kutowaficha wenye silaha, kutofanya nao biashara, na kutowaita watu wote wa kambi kwa jina la wahalifu wachache. Mwizi akikamatwa, ahukumiwe kwa jina lake na kwa kosa lake. Hatujapata kumfunga mtu kwa kosa la kijiji alichozaliwa, na tusianze sasa.

Yatupasayo

Huenda msomaji atauliza: mimi ni mkulima, au mwalimu wa shule ya msingi, au mama muuza dagaa, sera za taifa nitazibadili vipi? Tunajibu kwamba yapo yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, tuanze na ulimi. Kuna majina ya dharau tunayowaita wakimbizi, na watoto wetu huyajifunza kwetu. Aliyekimbia vita ana jina alilopewa na wazazi wake, tumwulize. Aidha tusieneze uvumi. Radio Kwizera ilipoanzishwa Ngara mwaka 1995, ilianzishwa ili mkimbizi na mwenyeji wapate habari za kweli katikati ya uvumi mwingi. Leo uvumi husafiri kwa simu ya mkononi, na mwenye kuupeleka kwa wengine anashiriki kosa la aliyeutunga.

Pili, anayefika usiku apewe maji, chakula na mahali pa kulala, na asubuhi asindikizwe kwa mtendaji wa kijiji ili aandikishwe. Kumsindikiza ni muhimu. Mtu aliyetoka katika vita huogopa kila mwenye sare, na mwenyeji akitembea naye, hofu hupungua.

Tatu, kila jumuiya iwe na mtu mmoja au wawili wa kusikiliza migogoro ya ujira, na kumwendea mwenye shamba kindugu kabla jambo halijawa kubwa. Ujira ulipwe jioni ileile. Asiyetaka kulipa asiajiri.

Nne, tuseme mbele ya viongozi wetu. Diwani na mbunge huja kuomba kura, nasi tunaweza kuwauliza. Tuwaulize kwa nini mkimbizi asitengewe eneo la kulima karibu na kambi. Kwa nini asipewe kibali cha kibarua halali, ili mwajiri naye ashikwe na sheria. Kwa nini mkimbizi na mwenyeji wasiwe na soko la pamoja la kuuziana. Tuwaulize pia kuhusu wenyeji: shule, zahanati na kisima vinavyojengwa kwa sababu ya kambi vinawahudumiaje watu wa vijiji vinavyobeba mzigo huo? Haki ya mgeni haisimami mahali ambapo mwenyeji amedhulumiwa.

Tano, wakimbizi wanapotaka kurudi kwao, tuwasaidie warudi kwa heshima. Na wasipotaka, tusiwashurutishe kwa maneno wala kwa njaa. Kurudi nyumbani ni baraka pale mtu anaporudi kwa hiari. Anayerudishwa kwa kunyimwa chakula amefukuzwa, hata kama hakuna aliyemshika mkono.

Hatimaye

Wahenga wale wale walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Waliamini kwamba anayeingia nyumbani huja na kitu, hata kama mikono yake haionekani kushika chochote. Mtoto wa Bethlehemu, alipokimbizwa Misri usiku, hakuwa na kitu cha kuwapa majirani wa ugenini. Hatusimuliwi waliompokea walikuwa nani, wala kama Yosefu alipata kazi na kulipwa ujira wake. Lakini walirudi salama. Basi mtu fulani, ambaye hakuwajua, aliwaacha waishi.

Tunawaomba viongozi wa jumuiya wayatafakari maswali haya pamoja na waumini wao katika mwezi huu:

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni nani aliyefika akikimbia vita, na je, tunalijua jina lake?

2. Je, katika jumuiya yetu yuko mtu aliyelimiwa, aliyejengewa au aliyechotewa maji, naye hajalipa? Tutamwendea lini, na nani atakwenda?

3. Wazee wetu waliowahi kukimbia, au kupokea waliokimbia, wanatukumbusha nini? Tuwape nafasi wasimulie mbele ya vijana.

4. Ni jambo gani moja tutakalomwuliza diwani wetu katika mkutano ujao wa hadhara?

Swali la pili ndilo gumu kuliko yote. Tunaomba lisirukwe.